Matope ya Bomba la Saba

Machi 4

Mvua imeanza jana alasiri, kabla ya wakati wake. Nami nimeanza daftari hili kwa sababu nadhani ndilo la mwisho nitakaloandikia katika chumba hiki. Jina langu limetokea kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kurejea kwetu, ng'ambo ya mpaka. Miaka arobaini na mitatu nimeiulizia, na juzi imebandikwa ukutani pale ofisi ya wageni, karatasi moja tu iliyolowa pembeni, nami ni wa kumi na tisa. Orodha inafungwa mwisho wa Mei. Asiyeondoka mpaka hapo atangoja nyingine, na hakuna anayejua nyingine ni lini.

Kabla ya kuondoka natakiwa kukabidhi ghala. Mimi ni mhifadhi wa matope ya bahari. Watu wakicheka nawaacha wacheke. Meli huzamisha chuma kirefu kwenye sakafu ya bahari na kuchomoa mche wa tope, mita nyingi, tope la juu likiwa la jana na la chini likiwa la zamani zilizopita. Mche hukatwa vipande vya mita moja, kila kipande hupasuliwa kwa urefu kama muhogo na kulazwa ndani ya nusu ya bomba la plastiki, bomba likachorwa mshale unaoonyesha juu ni wapi. Vipande hivyo hukaa kwangu, kwenye ghala baridi lisilo na dirisha. Chumba changu kimepakana nalo. Ukuta wa kitanda changu ni ukuta wa ghala, na ni baridi mwaka mzima.

Nimempigia dada yangu simu kupitia kwa jirani yake. Ana miaka sabini na minne, macho yanafifia. Amesema, "Mdogo wangu, njoo upesi nikuone, nisije nikakupapasa tu."

Machi 6

Mvua.

Machi 9

Mpwa wangu amekuja na kompyuta yake kunionyesha sura ya nne. Ni kitindamimba wa dada yangu, alizaliwa mimi nikiwa nimeshaondoka. Nilimwona kwa mara ya kwanza miaka sita iliyopita, alipokuja kusomea hapa shahada ya juu, akashuka garini na pua ya mama yake. Anachunguza jinsi bahari ilivyotunza hewa ukaa enzi za barafu na jinsi ilivyoiachia barafu ilipoyeyuka. Ushahidi wake ni vijiganda vya chokaa vya viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi, walioishi baharini na kuzama walipokufa. Kila kiganda kimehifadhi kaboni ya maji ya siku zake. Mimi humchagulia vijiganda hivyo kwa hadubini na brashi yenye nywele tatu, yeye huvipima.

"Tazama, Mjomba," akasema. "Bahari ilipumua mara mbili."

Mstari kwenye kioo ulikuwa umelala, ukaruka ghafla, ukarudi chini polepole, ukaruka tena. Kwa maneno yake: bahari ilitoa hewa ukaa kwa kishindo, ikaivuta tena ndani, kisha ikaitoa kwa kishindo cha pili. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Anaitwa kwenda kufanya kazi kwenye maabara kubwa kwa sababu ya mstari huo.

"Utakuwa mtu mkubwa," nikamwambia.

"Tutakuwa. Umevichagua wewe."

Machi 13

Fundi wa majokofu amekuja kutazama mashine ya ghala. Yeye huniita Mzee Matope, nami humwita Baridi.

"Mzee Matope, ukirudi kwenu utalala wapi bila jokofu? Utaoza."

"Nitakuita."

"Mimi siji. Kwenu kuna joto, nitayeyuka nikuache na bisibisi."

Tumecheka. Nimegundua kwamba nitamkosa, na hilo sikulitarajia. Miaka yote nilimwona mtu wa mzaha tu.

Machi 14

Mvua.

Machi 15

Mvua. Barabara ya chini imezama. Malori hayapiti.

Machi 17

Mkuu wa taasisi amenipa fomu ya makabidhiano. Wafanyakazi humwita Bwana Sahihi, kwa kuwa hakuna kinachosogea hapa bila sahihi yake na hakuna anayekumbuka lini aliitoa kwa hiari. Fomu ina mstari mmoja wa kuogofya: *Nimekabidhi ghala, na kila kielelezo kiko salama na katika mpangilio wake.* Chini yake nafasi yangu, halafu yake. Sahihi zote mbili zikikamilika napata kibali cha kuondoka.

Nimeamua kupitia mabomba yote kabla ya kusaini. Sina pa kwenda kwa mvua hii.

Machi 21

Nitaandika taratibu.

Leo asubuhi nililaza mezani bomba la saba la mche ambao mpwa wangu ameandikia sura ya nne. Nililinyunyizia maji, nikalipangusa kwa kisu bapa ili uso wa tope uwe safi. Nimelishika bomba hili mara mia. Lakini siku zote nilikuwa nachota sampuli, kijiko hapa, kijiko pale, kila sentimita mbili na nusu, macho yakiwa kwenye rula. Leo sikuwa na la kuchota. Nilitazama tu.

Katika tope kuna vishimo vya minyoo. Mnyoo wa baharini hukaa juu ya sakafu, akichimba hushuka, na shimo lake hujaa tope la juu. Kwa hiyo tope jipya, jeupe, hushuka kama vidole ndani ya tope la kale, jeusi. Hivyo ndivyo ilivyo katika kila mche duniani. Kwenye bomba la saba vidole vyeupe vimeelekea juu. Minyoo imechimba kwenda juu, ikaingia kwenye tope ambalo lilikuwa bado halijaanguka.

Niligeuza taa. Nikavua miwani nikaivaa tena. Kisha nikazunguka meza nikasimama upande wa pili, nikilitazama bomba kutoka ncha yake ya pili, na kila kitu kikakaa sawa.

Mshale umechorwa kinyume. Mwandiko wa mshale ni wangu.

Nilikwenda kwenye kabati nikatoa nakala ya mstari wa mpwa wangu. Ule mruko wa kwanza umeangukia hasa kwenye maungio ya bomba la nane na la saba. Wa pili umeangukia hasa kwenye maungio ya la saba na la sita. Bahari haijui mabomba yetu yanaungana wapi.

Haikupumua mara mbili. Nililigeuza bomba.

Machi 22

Nimekumbuka siku yenyewe. Ni miaka kumi na minne iliyopita. Mashine ya baridi iliharibika, mabomba ya zamani yakaota ukungu na kupasuka, na nikaamriwa kuhamishia tope kwenye mabomba mapya, sitini na mawili. Kazi ya wiki mbili. Asubuhi ya siku ya pili nikasikia redioni kwamba mpaka umefunguliwa. Niliyamaliza yote kwa siku tatu. Nilikuwa nasukuma tope kutoka bomba hadi bomba na kuchora mishale huku masikio yakiwa kwenye redio, na mkoba umefungwa mlangoni. Nilipofika stendi mpaka ulikuwa umefungwa tena.

Nimekuwa nikiukumbuka mpaka ule kama jambo walilonifanyia wengine. Sikujua kwamba nami nilifanya langu siku zile zile.

Nimejiuliza mbona vipimo vya umri havikumshtua mpwa wangu. Jibu ni rahisi na lina ukatili wake: alipima umri mara moja kwa kila bomba, katikati. Ukigeuza bomba, katikati hubaki katikati.

Machi 23

Mvua. Sikufungua ghala.

Machi 24

Mvua.

Machi 27

Mpwa wangu amegonga mlango, nikasema nina homa. Akaniletea chai ya tangawizi, akaiacha kizingitini.

"Mjomba, wewe si mtu wa homa," akasema kwa nje.

Chai niliichukua alipokwisha kwenda zake.

Aprili 2

Dada amepiga. Mstari ulikuwa unakatika kwa mvua.

"Nimekupakia chumba rangi," akasema.

"Rangi gani?"

"Nitajuaje mimi? Nimeambiwa ni ya samawati. Isije ikawa wamenidanganya, ukaja ukakuta ya waridi."

"Nitakuambia nikifika."

"Ufike basi."

Baada ya simu nilikaa kitandani nikiuegemea ule ukuta. Hesabu yangu ni hii, na nimeirudia mpaka imekuwa kama wimbo mbaya. Nikinyamaza, nasaini, Bwana Sahihi anasaini, naondoka. Mpwa wangu anahitimu kwa pumzi mbili, anakwenda kwenye maabara yake kubwa. Kisha siku moja meli nyingine itachomoa mche mwingine karibu na hapo, na mche huo utaonyesha pumzi moja. Watamwita yeye, si mimi. Mimi nitakuwa kwenye chumba cha samawati.

Nikisema, sijui. Hapo ndipo ninapokwama. Nikisema sijui kitakachonipata.

Aprili 5

Mvua. Maji yamefika ngazi ya tatu.

Aprili 9

Fundi Baridi ameniuliza mbona silali.

"Nani kakwambia silali?"

"Macho yako. Yamekuwa mekundu kama taa ya hitilafu." Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Mzee, mimi nikikuta mashine imekufa, kitu cha kwanza namwambia mwenyewe. Hata kama ni mimi niliyeiua. Ukificha, unatengeneza mara mbili."

Sikuwa nimemwambia lolote. Nadhani huwaambia watu wote hivyo. Hata hivyo sikuweza kumtazama.

Aprili 11

Nimemwambia mpwa wangu.

Nilimwita ghalani nikalaza bomba la saba chini ya taa. Nilitaka aone mwenyewe. Alivaa koti la baridi, akainama, akaanza kutabasamu kwa mazoea, kisha tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe.

"Mjomba. Hivi vishimo…"

"Ndiyo."

"Nani alichora huu mshale?"

"Mimi."

Alizunguka meza kama nilivyozunguka. Alisimama palepale niliposimama. Nikamweleza siku ile, redio, mkoba, yote. Nilitarajia alie. Hakulia.

"Umejua tangu lini?"

"Machi, tarehe ishirini na moja."

"Wiki tatu!" Sauti yake iligonga kuta za chuma. "Nilituma sura wiki iliyopita. Ungeniambia kabla sijatuma, au ungenyamaza moja kwa moja. Umechagua katikati. Kwa nini umechagua katikati?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Kubaki."

Alivua koti langu la akiba alilolivaa, akalitundika vizuri kwenye msumari wake, akatoka. Kule kulitundika vizuri ndiko kulikonichoma.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema kwamba anayeufichua huachwa amesimama kwenye baridi.

Aprili 12

Hakuja.

Aprili 13

Hakuja. Mvua.

Aprili 15

Hakuja. Nimemwona kwa mbali akivuka uwanja na mwavuli wangu.

Aprili 19

Amekuja asubuhi, macho yamevimba, kompyuta imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunisalimu kwa jina la ujomba. Alisema "Shikamoo" kama anavyomsalimu mlinzi wa getini, akavuta kiti.

"Nimezigeuza namba za bomba la saba. Ya kwanza imekuwa ya mwisho, ya mwisho imekuwa ya kwanza. Tazama."

Mstari ulipanda polepole, ukapinda kidogo, ukaendelea kupanda, kutoka bomba la nane, kupitia la saba, mpaka la sita. Maungio yalikaa kama mlango na fremu yake. Hapakuwa na mruko. Bahari ilipumua mara moja, pumzi ndefu ya karne nyingi, kama mtu mzima anavyoshusha pumzi akifika kwake.

"Ni nzuri," nikasema.

"Ni ya kawaida," akasema. "Wengine kumi wamekwisha kuiona." Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Miaka sita, Mjomba! Miaka sita nimekuwa nikiisifu minyoo inayopanda ngazi."

Nami nikacheka. Sikujua kama ninaruhusiwa, lakini nilicheka.

Alipotulia aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa mwezi mzima.

"Kama la saba liligeuka, hayo mengine sitini na moja?"

"Sijui."

"Nani anaweza kujua?"

Aliuliza huku akiitazama mikono yangu.

Aprili 24

Anaandika upya. Asubuhi huja na maswali mafupi. Ameandika kwenye sura kwamba kosa lilitokana na "hitilafu ya vifaa". Nimemwambia vifaa havina mikono, aandike "mhifadhi". Tumebishana saa nzima. Ameandika mhifadhi.

Mei 3

Nimekwenda kwa Bwana Sahihi na fomu tupu.

Miaka kumi na minane nimemwona kama kufuli. Leo nilipomaliza kueleza alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alifunga kifuniko cha kalamu yake. Akainuka akafunga mlango, akakaa kiti cha wageni, kando yangu.

"Unajua ni ripoti ngapi nimesaini juu ya mche ule?"

"Tatu, Mkuu."

"Tatu." Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Ndipo nilipoelewa kwamba sahihi zake huchelewa kwa sababu anaziogopa. "Mzee wangu, sikiliza. La saba mpwa wako amelirekebisha, sivyo? Limeisha. Wewe una umri gani?"

"Sabini."

"Nenda nyumbani." Akavuta fomu, akafungua kalamu, akasaini nafasi yake kabla ya yangu. Sahihi ndefu yenye mkia. "Haya. Tia yako hapo juu, keshokutwa barabara ikifunguka panda gari."

"Na yale mengine?"

"Yamekaa miaka elfu kumi na tano. Yatangoja."

"Yatamngoja nani? Utampa nani kazi hiyo?"

Alitazama dirishani. Alikuwa mkweli, namshukuru kwa hilo. "Sina mtu," akasema. "Na nikimpata, hataijua mikono yako ilivyokwenda siku ile. Lakini hilo si lako tena. Ondoka, mzee. Nakuomba."

Ndivyo mlango ulivyofunguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, kufokewa, kuzuiwa. Sikuwa nimejiandaa kuombwa.

Nimerudi na fomu chumbani. Iko mezani mbele yangu ninapoandika. *Kila kielelezo kiko salama na katika mpangilio wake.* Kalamu ninayo.

Mei 4

Sikusaini. Nimeanza na bomba la kwanza.

Mei 5

La kwanza liko sawa. La pili liko sawa. Tope limekauka pembeni, inabidi kulilowesha tone kwa tone na kungoja. Mabomba mawili kwa siku macho yakinitii, moja yakikataa.

Mei 11

Bwana Sahihi amepita ghalani, mara yake ya kwanza kuingia bila koti la baridi. Alisimama huku meno yanagongana.

"Bado tu?"

"La tisa."

"Orodha?"

"Naijua tarehe, Mkuu."

Alitaka kusema jambo, akaishia kuniuliza kama taa ile inanitosha. Jioni kaniletea ya ofisini kwake.

Mei 18

Bomba la kumi na sita limegeuka. Nimelia kidogo, kwa aibu na kwa nafuu pia. Kama yote mengine yangekuwa sawa ningekuwa nimebaki bure.

Mei 22

Mvua imepungua. Barabara imefunguka. Nasikia malori.

Mei 30

Mpwa wangu alikuja na mkoba wangu, ule ule, akaufungua kitandani na kuanza kukunja mashati.

"Gari linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Nitayakagua mimi."

"Una mtihani baada ya wiki."

"Nitayakagua baada ya mtihani."

"Baada ya mtihani unakwenda kwenye maabara yako, kama bado wanakutaka."

"Wananitaka. Wamesema wanapenda mtu anayejisahihisha." Alikunja shati lile lile mara tatu. "Mama atanilaani."

"Atanilaani mimi."

Alikaa juu ya mkoba, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, akalia kwa sauti kama mtoto. Nilimshika bega.

Mei 31

Nilisikia gari likipiga honi getini mara mbili. Nilikuwa na bomba la ishirini na saba mezani. Liko sawa.

Juni 8

Mpwa wangu amepita. Mtahini mmoja alimwuliza kama haoni uchungu kupoteza ugunduzi. Akamjibu kwamba hakuwa ameupoteza, alikuwa hajawahi kuupata. Fundi Baridi amepiga vigelegele kwenye korido, mwanamume mzima, mpaka Bwana Sahihi akatoka kuangalia nani kazaa.

Mpwa wangu ataondoka kesho. Atapitia kwa mama yake kwanza, yeye karatasi zake zinaruhusu.

Juni 14

Dada amepiga. Mstari ulikuwa safi, kwa mara ya kwanza msimu huu.

"Kitindamimba yupo hapa," akasema. "Amenieleza yote. Sikuelewa. Eti umebaki kwa ajili ya matope?"

"Ndiyo, Dada."

Nilisikia kuku wake, na kijiko kikigonga kikombe.

"Umebakiwa na mangapi?"

"Ishirini na moja. Halafu nitangoja orodha nyingine."

"Ishirini na moja si mengi. Ukiharakisha je?"

"Siwezi kuharakisha, Dada. Ndivyo nilivyoyaharibu."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaishusha polepole.

"Basi usiharakishe," akasema. "Lakini usichelewe."

Nimelilaza bomba la arobaini na mbili chini ya taa, nikalinyunyizia maji, nikakaa kungoja lilowe.